Tonge la Wadudu

Tangu mama atuache, unga wa wimbi nanunua sokoni Busia, upande wa Kenya ninakofundisha sayansi. Kila nikiusonga, nyumba hunukia jiko la kwetu Iyolwa, ng'ambo Uganda. Ugali ule mweusi uliochanganywa na muhogo tuliula sote kwenye kikapu kimoja, kwa mikono. Wali ulikuwa wa wageni: sahani ya peke yako, kijiko, na kiti.

Nilipoanza kazi nilijizoesha vibaya: mkate mweupe, chipsi, soda. Likizo moja nikarudi nyumbani na uchu wangu wote, nikaushambulia ugali kama mtu aliyetoka jela. Jioni tumbo likajaa gesi, na katikati ya sala, mama akiwaombea wasafiri, likaachia. Mama alimaliza sala bila kufumbua macho.

Kesho yake mchana nikakuta nimewekewa kiti, sahani ya wali na kijiko. Ndugu zangu walikuwa mkekani, wamezunguka kikapu.

"Tumbo yako imesahau sisi," mama alisema kwa upole. Alikuwa Msamia aliyeolewa Padhola, kwenye lugha nyingine, na Kiswahili chake cha sokoni ndicho kilichotulea. "Wewe kula mchere."

Niliumia. Mgeni, mimi, nyumbani kwetu! Nikamfuata jikoni nikamweleza ninayofundisha darasani: kwamba makapi ya wimbi hatuyameng'enyi sisi, yanafika utumbo mpana mazima, na huko wanaishi bakteria. Huonja kwanza chembe zinazowapitia, na wakitambua sukari wanayoimudu ndipo hutengeneza vimeng'enya vya kuikatakata. Mkate mweupe huishia juu, kwao haufiki sana. Kwa hiyo wale wangu wa wimbi walikuwa wamepungua, na waliobaki walikuwa wamekaa bila kazi. Ukiwamwagia kikapu kizima kwa ghafla, wanakurudishia gesi.

Mama alicheka mpaka akakalia kinu.

"Kumbe miaka yote mimi nalisha watu sijui sura yao. Sasa hao wadudu yako, watakula ngapi?"

"Tonge moja kwanza, mama."

Basi kando ya wali akawa ananiwekea tonge dogo la wadudu, jina lake hilo. Siku zikienda akaongeza la pili, halafu la kujaza kiganja, huku akiniuliza mbele ya watu kama wadudu wameamkaje. Tumbo lilitulia, lakini kiti hakikuondolewa, nami niliona haya kukilalamikia.

Jumapili ya mwisho ya likizo akaja mgeni wa kweli, binamu wa baba. Mama akaleta sahani moja tu ya wali. Nilikuwa nimeshajikalia kwenye kiti changu, nikingoja kijiko. Akasimama mbele yangu na birika la maji na beseni.

"Toka kwa kiti ya wageni," akasema. "Kuja unawe mikono."