Dawa Isiyoshika Wanga

Barua ya tatu ilikuwa mezani kwa meneja, imeshachapwa, ikingoja saini. Mbili za kwanza zilisema majora yake yametoka rangini na mabaka. Hii ya tatu ilisema kazi basi.

Anayeandikiwa ni shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu. Kiwandani wanamwita Bi Tone. Miaka ishirini na sita amesimama kwenye birika la kutolea wanga. Asiyejua kazi hii hajui hata kwamba nyuzi hupakwa wanga kabla ya kufumwa, zisikatike. Wanga huo lazima utoke wote kabla ya kutia rangi, la sivyo rangi haishiki. Yeye hudondosha tone la iodini kwenye kila jora. Likibaki kahawia, nguo ni safi. Likigeuka buluu, wanga bado umo.

Zamani tuliloweka nguo siku mbili kwenye maji ya vuguvugu, bakteria wakala wanga wenyewe. Palinuka, lakini hatukukimbizana. Siku hizi inakuja dawa kwenye madumu, kimeng'enya kilichotolewa kwa bakteria wa namna ile ile, na saa moja inatosha. Hilo sikatai. Lakini zamani wanga nao ulipikwa ukapikika. Sasa wanabana matumizi ya mvuke, wanauepua chembe zikiwa bado ngumu. Nilisema. Nani amsikilize mzee wa stoo?

Asubuhi ile tone liligeuka buluu, kama mara zile mbili alizolazimishwa kuingiza, na mashine ya rangi ilikuwa tayari inachemka.

"Ingiza," meneja alisema.

"Siingizi," Bi Tone akajibu.

"Mama, usinikalie kooni. Dawa imepimwa."

Mkemia, binti aliyetoka chuoni mwaka jana, akainua glasi yake ya kupimia. "Nimeipima mara tatu, mama. Wanga unakwisha kabisa. Labda ni macho. Umri nao..."

"Macho yangu yanaona buluu, binti. Nikuazime?"

Wasukuma mikokoteni wakacheka. Meneja alipoitoa ile barua na kuchomoa kalamu, wakashika mikokoteni yao.

Mimi nilikuwa nimeshika karatasi iliyokuja na dumu jipya, maana dawa ya madumu nayo ilikuwa imebadilishwa. Shule niliiacha darasa la nne. Mengine nimeyaokota kwenye vijitabu walivyotupa mainjinia. Nikawaambia ilivyoandikwa. Kimeng'enya cha madumu ya zamani kilikuwa protini yenye vipande viwili. Kimoja kinakata wanga. Cha pili hakikati kitu, kazi yake ni kung'ang'ania chembe ya wanga ili mwenzake asielee mbali nayo. Kwenye dawa mpya kile kipande cha kushika wamekiondoa, ili bakteria watoe dawa nyingi kwa haraka.

"Imeandikwa hapa chini," nikasema, "kwa herufi za sisimizi."

"Mzee, rudi stoo."

Bi Tone hakunitazama. Alikuwa anamtazama mkemia. "Wanga unaopimia unautoa wapi?"

"Maabara. Nauchemsha mpaka unayeyuka."

"Wa kwenye nguo hii haukuyeyuka."

Binti akaishusha glasi yake.

Bi Tone akakata vipande viwili vya jora moja lililokuwa bado halijaoshwa. Akaniagiza masalio ya dumu la zamani, nami nikayakimbilia kwa magoti haya mabovu. Kipande kimoja akakitia dawa ya zamani, kingine dawa mpya, vyombo viwili, joto moja.

"Nipe saa moja, bosi. Kisha utie saini unavyotaka."

"Dakika arobaini. Na rangi ikiharibika kwa kungoja, ni juu yako."

Dakika arobaini ni nyingi ukiwa umesimama mbele ya kalamu iliyo wazi. Mashine ilinguruma. Hakuna aliyeketi. Bi Tone alikuwa anapima joto, huku na huku, asije mtu akasema amependelea. Nikaona mkono wake wa kushoto umeshika aproni kwa nguvu. Ana wajukuu wawili wanaomtegemea na hana kazi nyingine anayoijua. Mkemia alisogea hatua kwa hatua, mpaka akawa yeye anayesoma kipimajoto.

Muda ulipofika Bi Tone akamkabidhi binti chupa ya iodini. "Dondosha wewe. Macho yako mapya."

Kwenye kitambaa cha dawa ya zamani, kahawia. Kwenye cha pili tone lilitua, likatanda, likawa buluu iliyokolea kama wino.

Binti akafunga chupa. "Ni mimi," akamwambia meneja. "Nilipima wanga ulioyeyuka. Dawa hii haina cha kung'ang'ania, chembe ngumu haiziwezi."

Meneja akafunika kalamu. Akaamuru madumu mapya yarudishwe na jora la asubuhi lioshwe upya, akaikunja barua, akaitia mfukoni. Hakuichana. Pole hakusema.

Mchana binti alikuja birikani bila koti lake jeupe, na daftari mkononi. Alitaka kujua sisi wa zamani tuliupika wanga kwa muda gani, na tulitambuaje kwamba umeiva. Bi Tone akamsogezea kiti, akamweleza yote, mpaka jinsi ya kusikiliza sauti ya mwiko.

Mimi nisingemwambia.