Mheshimiwa alipokaa kwenye cover ya mazishi ya mama wa watu

Wakuu, Bwana asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa, kwa hivyo nikidanganya hapa nitaulizwa kwingine. Haya niliyaona kwa macho yangu.

Baada ya kustaafu ualimu nilijifunza graphic design. Sasa ni freelancer hapa Meru mjini, na kwenye blogu yangu ninaandika makala za design. Vijana wa Embu na Manyatta huzisoma, hasa wakitaka kubishana. Namshukuru Mungu kwa wote.

Kazi yangu nyingi ni vitabu vya mazishi. Huku kwetu mtu anaweza kuishi bila kupigwa picha, lakini hawezi kuzikwa bila programu ya rangi.

Siku moja alinijia binti anayeitwa Kagendo. Mama yake, mwalimu wa Sunday school miaka mingi, alikuwa ametangulia mbele za Bwana. Kagendo alikuwa na picha moja tu: mama amesimama kwenye shamba la majani chai, kitambaa kichwani, anacheka.

"Mwalimu, nataka huyu akae mbele, peke yake," aliniambia. "Maisha yake yote amekuwa akikaa nyuma."

Nikamwahidi.

Nilisahau kwamba marehemu si wa familia. Marehemu ni wa kamati.

Chairman wa kamati ya mazishi alikuwa baba mdogo wake Kagendo, tumwite Kinoti. Alikuja na picha na maagizo. Mheshimiwa MCA, mjumbe wetu wa bunge la kaunti, amekubali kuhudhuria, kwa hivyo awekwe juu, katikati, awe mkubwa. Kando yake Kinoti mwenyewe.

"Na marehemu?" nikauliza.

"Hapo chini kwa kona kuna nafasi. Yeye hatakasirika."

Nikamweleza kwa upole yale ninayoandika kila wiki: jicho huenda kwa picha kubwa kwanza, na maneno yaliyo karibu nayo husomwa kuwa ya huyo.

"Mwalimu, wacha theory," akasema. "Fundi wa nguo hamchagulii mtu suruali."

Sikubishana. Mungu amenipa uvumilivu, na pia amenipa printer.

Nikatengeneza vile alivyoagiza. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: AMEPUMZIKA KWA BWANA. Chini ya maneno hayo, mheshimiwa kwa suti ya bluu, meno yote nje, na Kinoti kando yake. Mama Kagendo alikuwa kwenye kona, mdogo kama stempu.

Nikaprint nakala moja. Kinoti akaisifu sana. Nikamwomba jambo moja tu: twende sokoni Gakoromone tumwonyeshe mtu asiye wa kamati. Sisi designers huita hiyo testing. Akakubali haraka, kwa sababu alitaka kuonekana nayo.

Mama mmoja wa vitunguu akaishika, akaisoma.

"Huyu mheshimiwa amekufa lini?"

"Hajakufa," Kinoti akasema.

"Si imeandikwa hapa? Na choo cha soko alichotuahidi, sasa tutamwuliza nani?"

Muuza ndizi wa kando akasogea, akagusa ile kona.

"Na huyu ndiye mjane? Maskini, bado anacheka. Hawajamwambia."

Kinoti alieleza mpaka sauti ikakauka. Lakini soko halingoji maelezo. Kabla hatujafika ofisini kwangu simu yake ikalia, akawa mheshimiwa, akiongea kwa nguvu hata mimi nikasikia.

"Kinoti, niko hapa Maua nakunywa chai, na watu wanampigia bibi yangu kumpa pole. Ondoa uso wangu hapo. Wote."

Kinoti akakaa kitini. Kisha akauliza kama picha yake yeye inaweza kubaki.

"Inaweza," nikamwambia. "Nitaikuza. Utakuwa wewe tu, chini ya Amepumzika kwa Bwana."

Akayasoma tena maneno yale.

"Weka mama," akasema.

Nikaweka mama. Cover nzima, majani chai mpaka ukingoni, na jina lake.

Siku ya mazishi mheshimiwa alihutubia kwa muda mrefu sana, nadhani kututhibitishia kwamba yu hai. Watoto wa Sunday school hawakumsikiza. Walikuwa wakionyeshana mwalimu wao. Kagendo alishika kitabu chake kifuani, cover ikitazama watu, na hakukigeuza mpaka tulipomaliza kuzika.

Nilichojifunza, wakuu: kabla ya kudai uso wako uwekwe mahali, soma kwanza maneno yaliyo juu ya kichwa chako. Na ninyi designers, msipigane na kamati. Ipeni inachotaka, nakala moja, halafu muipeleke sokoni.

Leteni visa vyenu. Wenyeviti wa kamati pia wanakaribishwa kunitukana hapo chini. Nimeshawasamehe.