Kigari cha Mjomba Kimewaka

JAMANI KIMEWAKA! Kigari cha mjomba, kilichokaa miezi bila kuwaka, kimewaka leo asubuhi, nimepiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje!

Mjomba wangu ni fundi wa magari. Watu wanamwita Spea, kwa sababu mteja akikwama, yeye anachomoa kifaa kwenye kigari chake mwenyewe na kumpa. Kigari chenyewe ni kidogo, ila kinavuta kwa matairi yote manne, na ndicho pekee kinachoweza kupanda mlimani kwa bibi. Bibi hawezi tena kushuka, na mvua zikianza ile njia ni tope tupu. Basi tukapanga: mjomba anaendesha, mimi natangulia kwa miguu kuangalia mawe, mama anashika chupa ya chai. Bibi tukampigia simu kabisa.

Mara akaja muuza nyanya, gari lake la aina hiyohiyo linavuja.

"Spea, nipe pampu ya maji, mzigo unaoza!"

"Leo nasafiri, ndugu yangu."

"Na hicho? Si kimeshaota mizizi hapo!"

Mjomba akacheka. Halafu akachukua spana.

"Kaka, na mama yetu kule mlimani je?" mama akamuuliza.

"Wiki ijayo."

Simu ikaita, bibi huyo. "Mmeshatoka?"

"Bado, mama," mjomba akajibu.

"Haya, ngoja niepue maji ya chai."

Sasa hivi mvua inapiga bati. Mjomba amekifunika kigari turubai, hataki kuongea na mtu.

Ukimjua mwenye pampu ya kigari kama hiki, mtumie hii, tafadhali.