Wino Kifuani kwa Mama Pasi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Alikuwa dobi kwa miaka ishirini na miwili, na nguo iliyoingia kwake na doa haikutoka nalo. Kutu, grisi, damu, wino, kila kimoja alikijulia dawa yake, na hakumfundisha mtu.

Kinundu alikigusa akiwa anapiga pasi shuka, ameegemea meza. Titi la kushoto. Akadhani kifungo cha gauni kimegeukia ndani. Akafungua. Kifungo kilikuwa mahali pake.

Vipimo vikafanywa, na daktari wa upasuaji akamwambia ni saratani, ila imewahiwa. Wataondoa uvimbe na tezi kadhaa za kwapani, titi litabaki. Kidonda kikipona, mionzi siku kumi na tano, Jumatatu hadi Ijumaa, bila kuruka. Mama Pasi alisikia neno la kwanza tu. Yaliyobaki alirudiwa njiani na wifi yake, dada wa mumewe, mara mbili nzima, naye akaitikia "Enhe" kama anasikiliza redio ya jirani.

Ndiyo maana alipozinduka baada ya upasuaji na kuona mrija umechomoza ubavuni, mwishoni una kichupa cha maji mekundu, alipiga ukelele wodi nzima ikageuka.

"Wamesahau kitu ndani!"

"Hatujasahau, mama," muuguzi akajibu bila hata kuinua kichwa. "Maji ya kidonda yanatoka hapo. Yakipungua tunautoa."

Mkono nao ulikuwa mzito kama blanketi lililolowa. Akaambiwa autambaze ukutani kwa vidole kila siku, taratibu, na asinyanyue ndoo. Dobi asinyanyue ndoo! Alimtazama muuguzi kama aliyetukanwa.

Wiki kadhaa baadaye kidonda kikafunga, zamu ya mionzi ikafika. Alijiandaa kuungua kama kola iliyosahauliwa chini ya pasi. Kumbe kwanza walimpiga picha, kisha mtaalamu wa mionzi, dada mmoja mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, akamchora kwa kalamu ya wino: msalaba katikati ya kifua, na mmoja kila ubavu.

"Mistari hii ndiyo inatuonyesha pa kupiga. Usiisugue, mama."

Wote wakatoka, mlango mzito ukafungwa, mashine ikanguruma dakika chache. Hakusikia joto wala baridi.

"Wamenidanganya," akamwambia wifi yake nje. "Hata kuniunguza kidogo!"

"Kwani ulienda kuchomwa mishikaki?"

Wiki ya pili ngozi ikaanza kuwa nyekundu, na uchovu ukamshika hata akasinzia amekaa wima. Hayo aliyavumilia. Kilichomshinda ni wino. Uliambukiza nguo za ndani, ukachungulia kwenye kola ya gauni lake jeupe.

"Wifi, mbona kifua kama daftari la chekechea?" wifi akacheka. "Na wewe ni dobi!"

Hiyo ilimchoma. Kesho yake asubuhi akasimama mbele ya kioo. Ameambiwa asisugue, basi hakusugua. Wino hausuguliwi hata kwenye shati, ukisugua unausambaza. Akachukua pamba na spiriti, akagusa, akainua, akagusa, akainua. Iliwasha mpaka machozi yakamtoka. Lakini kifua kikang'aa, akaenda hospitali na raha ya mtu aliyemaliza kazi nzuri.

Yule mtaalamu akafunua gauni la hospitali. Akaganda.

"Mama, mistari iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Yote?"

"Hata alama huoni. Na sikusugua!"

Dada akamwita mwenzake. Mwenzake akaja, akatazama, akatikisa kichwa.

"Leo hatupigi, mama," dada akasema. "Bila mistari hatujui tunalenga wapi. Tukikosea upana wa kidole tu, tutakosa pale palipokuwa na uvimbe, na moyo uko hapo hapo chini."

Moyo! Mama Pasi akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimejiua?"

"Hapana."

"Niambie kweli, mwanangu. Nimeiharibu dawa?"

Daktari wa mionzi akaja. Siku moja haiharibu, akasema, itaongezwa mwishoni. Watapiga picha upya, watachora upya. Kilichomkasirisha zaidi ni spiriti juu ya ngozi inayopigwa mionzi. Akampa mafuta ya kupaka, akamkataza kitu kingine chochote. "Wengine wakikosea wanaona aibu, hawarudi," akasema. "Hao ndio tunaowapoteza."

Nyumbani, wifi aliposikia habari hakuwa na utani. Alishika tama, macho kodo. "Mimi na mdomo wangu," akasema. "Kesho nakuleta mwenyewe."

Kesho yake wakamchora tena. Mama Pasi akalala mikono juu ya kichwa, mlango ukafungwa, mashine ikaanza kuzunguka. Siku zote alilala pale akiwaza nguo za wateja. Leo alijua kinachopita ni nini na kinapita karibu na nini, akajibana asitikisike hata unywele.

Sauti ikatoka kwenye spika ukutani.

"Mama, pumua. Ukizuia pumzi ndipo unatuharibia."