Siku Tisa za Kumngojea Mwana wa Mama Ngoie

Siku niliyoanza kazi hospitalini Kolwezi, chumba cha plasta kilikuwa na watu wanne: Daktari wa mifupa, Sista mkuu wa wodi, Mama Ngoie mfagiaji, na mimi, yatima niliyeacha shule ili kulea wadogo zangu, ndiyo maana wote waliniita Yaya, yaani mkubwa wa nyumba. Nilimwaga ndoo nzima ya plasta laini ya kufungia mifupa. Mama Ngoie alicheka: "Ee Yaya! Unataka kujenga nyumba humu?" Kisha akanisaidia kukwangua sakafu. Tangu siku hiyo alinifungia bukari, ugali wa kwetu, ya kuwapelekea wadogo zangu.

Kazi yangu ikawa kufunga plasta na kutundika uzito unaovuta mguu uliovunjika, mifupa isipandane. Kwa mzee aliyevunjika nyonga, Daktari alisema, uzito ni wa kungojea upasuaji tu. "Kijana anaweza kungojea. Muzee, hapana. Kitanda inakulaka bazee: inaanza na bidonda ya mugongo, inamalizia mapafu."

Miaka mingi baadaye, Mama Ngoie aliyekwisha kustaafu aliteleza akavunjika nyonga. Mishahara ilikuwa imekatika, na watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, walikuwa wanafukuzwa kwetu, hata waliozaliwa hapa. Daktari wetu alikuwa mmoja wao.

Siku ya pili ya Mama Ngoie wodini, Daktari aliniambia, "Musumari wa nyonga niko nao. Tunapasua kesho."

"Docta, mwana wake wa kwanza iko Kasaji. Tumungojee."

"Mama mwenyewe amekubali."

"Mi ni mukubwa wa kwetu. Bangepasula mudogo wangu bila mi, ningekasirika."

Sista akasema, "Yaya anajua mambo ya familia." Wakanisikiliza.

Tulimpelekea mwana habari, lakini treni ya kutoka Kasaji, mji wa mbali upande wa magharibi, haikuja. Siku ya saba Daktari alipita wodini na sanduku moja, akielekea stesheni pamoja na waliofukuzwa. Alinipa msumari, umefungwa kitambaani. "Mugeuze kila saa mbili," alisema.

Nilimgeuza. Mama Ngoie alinitania, "Yaya, leo haukumwaga kitu?" Halafu kikohozi kikaanza.

Mwanawe alifika siku ya tisa. Mpasuaji mwingine hakuwepo. Wiki ya tatu tulimzika.

Makaburini mwanawe alinishika mikono yote miwili. "Aksanti, Yaya. Bengine bangemupasula bila mi. Ulinipa heshima."

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaofunga plasta leo, mzee wa nyonga akikubali kupasuliwa, msimngojee mtu.

Msumari bado ninao. Kila mavuno mwana wa Mama Ngoie huniletea mahindi kutoka Kasaji, nami huyapokea. Bado sijamwambia kwamba mama yake alikuwa amekubali.