Mama Mkwe, Kipaza Sauti na Kitabu Kisicho na Mwisho

Siku ya nne ya safari yetu ya melini, mama mkwe wangu alimnyang'anya mtangazaji kipaza sauti katikati ya chakula cha mchana, akauliza mbele ya abiria mia sita:

"Nani amemuua daktari?"

Mhudumu akadondosha trei. Mama mmoja wa meza ya jirani akawakumbatia watoto wake wote watatu kwa mpigo. Walinzi wawili wakakimbilia mlangoni. Dakika mbili hazijaisha, daktari wa meli mwenyewe akatokea, kijiko mkononi, mdomo umejaa, akipunga mkono ili watu waone yuko hai.

"Si wewe," mama mkwe akamwambia kwa kipaza sauti. "Wewe kaa ule."

Mimi nilikuwa chini ya meza. Nilijifanya natafuta uma, lakini ukweli ni kwamba aliyesababisha yote yale ni mimi. Tulieni niwasimulie.

Kazi yangu ni kujalidi vitabu. Kitabu kikichanika, kikilegea mgongo, kikitafunwa na panya, unaniletea. Nakifumua, napanga kurasa mafungu mafungu, nashona kwa uzi, napiga gundi, navalisha jalada jipya. Mwaka wa kumi na mbili huu.

Na sijawahi kusoma hata kimoja mpaka mwisho.

Msinishangae. Mimi kitabu nakijua kwa karatasi, kwa uzi na kwa harufu ya gundi. Kilichoandikwa ndani ni shauri la mwenyewe.

Tatizo lilianza siku niliyokwenda kuposa. Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hata paka wake hukaa wima akipita. Alinitazama juu ya miwani akaniuliza:

"Vitabu vyote hivyo unavyotengeneza, huwa unavisoma?"

Nikasema, "Vyote, mama."

Nikapewa mke.

Uongo ule uliishi raha mustarehe miaka tisa, mpaka jengo lenye karakana yangu lilipopigwa alama ya X nyekundu ukutani. Linabomolewa, tuhame kabla mwezi haujaisha.

Sasa, nyumba ya mama mkwe ina chumba cha mbele. Mlango wake unafungukia barabarani, dirisha kubwa, mwanga tele. Bila chumba kile sikuwa na pa kuweka mashine yangu ya kukatia karatasi, na bila mashine sina kazi. Lakini kulikuwa na mtu mwingine anakitolea macho. Mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wake mke wangu. Yeye ni kinyozi, na sote tunamwita Kinyozi, hata mkewe.

Mama mkwe alitusikiliza wote wawili, akasema, "Jibu nitatoa nikirudi safari."

Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya watoto wake. Siku saba melini, kazi ni kula, kulala na kutazama maji. Mke wangu na mimi tukapangiwa kumsindikiza. Moyoni nilicheka mpaka mbavu zikauma. Siku saba za kumbembeleza mama, Kinyozi yuko nyumbani na makasi yake!

Halafu simu ikalia.

"Mkwe, vitabu vya kusoma melini nakuachia wewe. Chagua vitatu. Nakuamini kwa sababu wewe ni msomaji. Na chumba changu nataka nimpe mtu wa kuaminika."

Nikaenda moja kwa moja karakana.

Nikachagua kwa namna ninayoijua. Nilisimama mbele ya rafu ya vitabu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, nikabonyeza migongo, nikavuta uzi, nikanusa. Mke wangu alikuwa mlangoni ananiangalia.

"Baba, unachagua kitabu au tikiti maji?"

"Baharini kuna unyevu. Chenye gundi dhaifu kitafumuka siku ya pili."

"Na ndani kimeandikwa nini?"

"Karatasi nzito hii. Gusa."

Hakugusa. Alitikisa kichwa akaenda zake kufunga mizigo.

Cha kwanza kilikuwa cha kitambaa cha bluu, Meli Maarufu za Karne Iliyopita. Tunapanda meli, kitabu cha meli, mtu atake nini zaidi? Cha pili kilikuwa na jalada jekundu, kimeshonwa kwa mkono, kizuri hadi sikukumbuka kutazama jina. Cha tatu kilikuwa riwaya ya upelelezi, Daktari Hakuamka, mwenyewe alishakisahau, nami nilikuwa nimemaliza kukishona juzi yake.

Nikavifunga kwenye taulo, roho kwatu.

Siku ya kwanza melini, mama mkwe alifungua kile cha bluu wakati wa chai. Baada ya muda akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mkwe. Meli hizi zote zimezama."

"Eh?"

"Kila sura, meli moja inazama. Ya sura ya tatu imezama mara mbili, ilivutwa ikazama tena."

Mwingine angekasirika. Mwalimu mkuu yeye akaanza kutusomea kwa sauti, kwa faida ya wote. "Hii ilizama siku ya pili, hali ya hewa kama ya leo hii." Jamaa wa meza ya pili akaacha mkate, akaenda kujaribu jaketi la kuokolea. Mpaka tunamaliza chai, meza nne za karibu yetu zilikuwa tupu, na mkuu wa wahudumu akaja kumwomba mama, kwa heshima zote, asomee chumbani.

Mke wangu aliniangalia kwa jicho lile ambalo waliooa wanalijua.

Siku ya pili, kile chekundu. Alikisoma asubuhi nzima, amekunja uso. Mchana nikajipendekeza, "Vipi mama, kitamu?"

"Nimefika ukurasa wa hamsini," akasema, "na hakuna mtu aliyetokea bado."

Kilikuwa kitabu cha majedwali ya hesabu. Tarakimu tupu, mwanzo mpaka mwisho.

"Ulipokisoma wewe," akauliza taratibu, "ulikipendea nini?"

"Utulivu wake, mama."

Akakifunga kitabu, akakisukuma upande wangu wa meza. Nilikiona chumba cha mbele kinageuka kuwa cha kunyolea, na kioo kikubwa ukutani.

Lakini kile cha tatu kikaniokoa. Tangu alipokishika jioni ile, mama alisahau kila kitu. Alisoma kwenye foleni ya chakula. Alisoma akitembea. Siku ya tatu alinipigapiga bega, akasema, "Hapa umechagua, mkwe," na mimi nikaanza kupanga kichwani mashine ikae upande gani wa dirisha.

Siku ya nne, kabla ya chakula cha mchana, alikuja juu ya sitaha nilipokuwa nimejilaza. Kitabu kilikuwa wazi mkononi mwake.

"Sikiliza," akasema, akasoma: "'Inspekta akafunga mlango, akawatazama wote mmoja mmoja, kisha akanyoosha kidole. Aliyemuua daktari, akasema, ni...'"

Akageuza ukurasa.

"'...kuku wa mayai, ambaye huhitaji maji safi kila siku na banda lisilopitisha upepo.'"

Nikaketi.

"Kuanzia hapa," akaendelea, "ni minyoo, chanjo na vyombo vya kulishia. Kurasa thelathini na mbili. Eleza."

Nilielewa papo hapo, na ninyi mtaelewa. Wiki ile mezani kwangu kulikuwa na vitabu viwili vilivyofumuliwa, hiki na mwongozo wa ufugaji wa mteja mmoja mfuga kuku. Karatasi ileile, kipimo kilekile. Mtu anayesoma angejua fungu lipi ni la wapi. Mimi nilipanga kwa rangi ya karatasi.

"Ni kosa la karakana, mama. Samahani sana."

"Kosa ni kosa. Lakini wewe ulikisoma. Niambie tu, nani muuaji?"

"Mama, nikikwambia utamu utaisha."

"Utamu umeishia kwa kuku. Nani?"

"Ni... ngoja nikumbuke. Nimesoma vingi."

"Kumbuka basi," akasema, akaelekea ukumbini. Yaliyotokea huko mmeshayasikia.

Katika watu mia sita, hakuna hata mmoja aliyesema amekisoma. Ila sasa wote walitaka kujua. Mama mkwe akatangaza, kipaza sauti bado anacho, kwamba kesho baada ya chai mkwe wake atasimulia mwisho wa kitabu, kwa kuwa yeye amesoma vitabu vyote. Nilitoka chini ya meza nikapigiwa makofi.

Mke wangu akanivuta pembeni. "Mwambie ukweli."

"Nikimwambia, chumba kimekwenda."

"Usipomwambia?"

"Nina mpaka kesho."

Nikaenda kujificha kwenye chumba cha kufulia, katikati ya mashine zinazozunguka, nikafungua ukurasa wa kwanza. Mpango ulikuwa mmoja tu. Nisome, nimtafute muuaji mwenyewe, niseme ndiye.

Jamani.

Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya vitabu kuna watu! Mbwa wa daktari alipokufa kwenye sura ya sita nililia, fulana ya abiria fulani nikajifutia machozi. Mhudumu wa kufulia alikuja mara tatu kuniuliza kama nguo zangu ziko tayari. Nilimwambia aninyamazie, mfamasia anamdanganya inspekta. Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa nimefika kwenye kuku, na nilimchukia aliyekishona kitabu kile kuliko mtu yeyote duniani.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Daktari wa meli alikaa mstari wa mbele. Mama mkwe alikaa katikati, mikono juu ya mkoba.

Nikasimama.

"Muuaji," nikasema, "ni mtunza bustani."

Watu wakaguna.

"Angalieni viatu! Usiku ule mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Kila mtu aliingia na tope. Yeye peke yake alikuwa na viatu vikavu. Kwa nini? Kwa sababu hakutoka nje. Alikuwa ndani tayari, kwenye kabati la makoti!"

Ukumbi ukalipuka. Daktari wa meli akasimama akipiga makofi. Mzee mmoja akapiga meza akisema, "Nilijua mimi!" na wala hakuwa amekisoma. Nilijisikia mtu mkubwa. Chumba cha mbele nilikiona kabisa, na jina langu juu ya mlango.

Mama mkwe akangoja makofi yaishe.

"Si yeye," akasema.

"Mama?"

"Kitabu hiki nilikisoma kabla mke wako hajazaliwa. Nimekirudia mara nne. Muuaji si mtunza bustani."

Nikauliza, "Sasa kwa nini ukauliza meli nzima?"

"Kwa sababu ulikuwa humo na hukuwa na pa kukimbilia." Akavua miwani. "Siku ile uliyokuja kuposa, ulipotoka kwenda kunawa mikono, nilimwambia marehemu mume wangu, kijana huyu hasomi. Uliporudi nikakuuliza kuhusu kitabu nilichokitungia jina palepale. Ukasema umekisoma mara mbili na mwisho wake ulikuliza."

Abiria mia sita wakacheka. Nilitamani niwe ndani ya ile meli ya sura ya tatu.

"Miaka tisa nangoja uniambie mwenyewe," akasema, na sauti sasa ilikuwa ya chini. "Kutosoma si kosa. Kinyozi nilimuuliza swali lilelile. Alinijibu, mama, mimi hata gazeti natazama picha. Kwa hiyo chumba cha mbele ni cha Kinyozi. Nilishaamua kabla hatujapanda meli."

Iliniuma. Siwadanganyi, iliniuma zaidi kwa sababu nilijua hajanionea.

"Ila jana," akaendelea, "nilipita chumba cha kufulia. Nikamwona mtu mzima anamlilia mbwa. Kwa hiyo stoo ya nyuma ni yako. Haina dirisha la barabarani, lakini mashine itaenea. Sharti moja tu. Kila kitabu utakachoshona, usikirudishe kwa mwenyewe kabla hujakisoma. Na hoja ya viatu ni nzuri. Mimi sikuwahi kuiona."

Ndiyo maana siku hizi wateja wangu wanangoja wiki tatu. Mimi niko nyuma kabisa, pita kwa Kinyozi, usiogope nywele.

Tuliporudi, kazi ya kwanza ilikuwa kumfuata yule mfuga kuku. Nilimkuta bandani, amekaa juu ya gunia la chakula cha kuku, mwongozo wake mapajani. Nilipomweleza fungu la mwisho si lake, akakikumbatia kitabu kifuani.

"Sikupi," akasema. "Nimekisoma mara tatu. Nakula nakiwaza. Kwanza niambie, huyo daktari ni nani? Na kwa nini wote wamefungiwa chumba kimoja?"

Nikakaa juu ya gunia la pili. Nikamsimulia mwanzo, kuanzia mvua na mbwa mpaka viatu, na nilipofika kwenye kidole cha inspekta nikanyamaza. Naye akafungua kitabu, akanisomea mwisho. Jina lilipotajwa tulipiga kelele wote wawili, kuku wakaruka mpaka darini.

Jina sitawatajia.

Ila nitawapa hili la bure, hasa wewe unayejiandaa kwenda ukweni. Ukiulizwa umesoma na hujasoma, jibu "sijasoma" kisha unywe chai yako. Neno moja tu lile, na mpaka leo kila nikisikia mashine ya kunyolea inalia chumba cha mbele, kwenye mwanga, nalitamka peke yangu huku nyuma.