Kichanga Ambaye Hakumlowesha Pokuaa

Shangazi yangu Pokuaa aliogesha vichanga wa mtaa wetu wa Mampong kwa miaka thelathini. Kila mvulana alimkojolea kifuani, naye alicheka, "Karibu, mume wangu."

Mjukuu wa Dufie, bibi ambaye sote tulimwita Nana kwa heshima, hakumlowesha. Kwa siku tatu mkojo wake ulidondoka tone tone tu, na tumbo chini ya kitovu likawa gumu.

"Nana, huyu apelekwe hospitali," shangazi alisema.

"Hajatimiza siku nane," Dufie alijibu. "Mgeni hatolewi nje kabla hajapewa jina. Kazi yako ni maji na sabuni."

"Mgeni wako hakojoi, Nana."

"Kwani una hamu sana ya kukojolewa?" Wanawake uani wakacheka.

Mimi nilikuwa nasomea udaktari. Siku ya tano niliwaeleza kwamba njia ya mkojo inapoumbika tumboni mwa mama, ngozi nyembamba inaweza kubaki ndani yake na kuiziba, figo zikaanza kuharibika hata kabla mtoto hajazaliwa. Daktari angeikata ngozi hiyo. Dufie aliniuliza kama vitabu vyangu vimewahi kuzaa.

Mtoto alikufa siku ya saba. Kwa mila yetu, mgeni aliyeondoka bila jina haliliwi. Mama yake alivishwa nguo nyeupe, akapewa supu ya karanga na kuambiwa atabasamu.

Shangazi alikwenda uani kwa Dufie, akaketi chini, akamlilia yule mtoto mpaka sauti ikamkauka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena kuogesha mtoto.